Chumvi Moja, Sura Tatu: Kwa Nini Chembe Bapa Bado ni ya Mfumo wa Kubiki

«Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiolojia, niko nyumbani Malindi kwa likizo. Somo la fuwele limenishinda. Nimekariri jedwali la mifumo saba mara nne, na kila mara linanitoka baada ya wiki moja. Juzi nilikwenda Gongoni nikapata chumvi ya mawe kutoka kwenye mabwawa, nikaitazama kwa lenzi. Chembe chache ni michemraba mizuri, lakini nyingine ni bapa kama vigae, na nyingine zimebonyea katikati kama ngazi zinazoshuka kisimani. Kitabu kinasema mfumo wa kubiki ni a = b = c. Mbona hizi pande zake si sawa? Tena huko maabara nilivunja fuwele ya kalisaiti (madini ya kalisiamu kabonati) yenye ncha kali kama jino, nikapata vipande vya umbo jingine kabisa. Na namba za Miller, zile zinazotaja mwelekeo wa uso wa fuwele, kwa nini tunazipindua? Nahofia sina macho ya kuona vitu vya pande tatu. Je, nibadilishe kozi?»

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona maswali yako yote yametoka kwenye shina moja. Umeelewa kwamba mfumo wa fuwele hutambuliwa kwa urefu wa pande zake jinsi zinavyoonekana kwa jicho. Ndiyo maana chembe bapa ikakutia shaka, jino la kalisaiti likakuongezea shaka, na mwisho ukaanza kujitilia shaka wewe mwenyewe. Hiyo shaka ya mwisho ndiyo isiyo na msingi. Mwanafunzi aliyetazama chumvi kwa lenzi, akatofautisha sura tatu, akaona kwamba hazikubaliani na jedwali alilokariri, macho anayo. Alichokosa ni maelezo ya jedwali lenyewe.

Tuanze na hizo a, b na c. Herufi hizi hazisemi lolote kuhusu urefu wa chembe uliyoishika. Zinahusu seli ya kizio, yaani kile kifungu kidogo cha atomu ambacho kikirudiwa kulia, mbele na juu bila kuacha mwanya hujenga fuwele nzima. Ukiingia katika nyumba ya kale ya mawe kule Lamu ukainua macho darini, utaona boriti zimelazwa kwa nafasi zinazolingana. Chumba kikiwa kirefu boriti huwa nyingi, kikiwa kifupi huwa chache, lakini nafasi kati ya boriti na boriti ni ile ile. Herufi a ni nafasi kati ya boriti na boriti. Urefu wa chembe yako ni urefu wa chumba. Katika chumvi nafasi hiyo ni nanomita 0.564 kwa pande zote tatu. Chembe yenye upana wa milimita moja ina seli kama milioni 1.77 zilizopangana kwa mstari mmoja. Ikiwa ni bapa, basi unene wake una seli chache zaidi, tuseme laki tatu, lakini kila seli moja ndani yake ni mchemraba kamili.

Usilichukue hilo kwa imani tu, kwa kuwa unaweza kulipima kwa kalamu na karatasi. Kila seli ya chumvi ina ayoni nne za sodiamu na nne za kloridi. Moli moja ya chumvi ina uzito wa gramu 58.44, na moli moja ni idadi ya 6.022 × 10²³. Zidisha 58.44 kwa 4, gawanya kwa 6.022 × 10²³, kisha gawanya tena kwa ujazo wa seli, ambao ni 5.64 × 10⁻⁸ sentimita ikizidishwa yenyewe mara tatu. Utapata gramu 2.16 kwa sentimita moja ya ujazo, na huo ndio msongamano wa chumvi unaopimwa kwa mizani na maji. Nakuomba ufanye hesabu hii kwa mkono wako kabla ya kuendelea, kwa sababu ukiona kitu kisichoonekana kwa jicho kinakubaliana na mizani, hutaichukulia tena seli ya kizio kuwa mchoro wa kitabuni tu. Muundo huu wa chumvi ulisomwa kwa eksirei mwaka 1913 na William Lawrence Bragg, mwaka mmoja baada ya Max von Laue na wenzake kule Munich kuonyesha kwamba fuwele huitawanya eksirei kwa mpangilio. Bragg alipopewa Tuzo ya Nobeli pamoja na baba yake mwaka 1915, alikuwa na miaka 25.

Ikiwa seli zote ni michemraba, kwa nini chembe hazifanani? Kwa sababu fuwele hukua kwa kulishwa, na katika bwawa la chumvi si kila uso unaolishwa sawa. Chembe iliyolala chini ya bwawa imekalia uso wake mmoja. Uso huo haupati maji mapya, hivyo chembe huongezeka kwa pembeni na kwa juu tu, ikatoka bapa. Chembe zako zilizobonyea kama ngazi zina kisa kizuri zaidi. Siku ya jua kali na maji yaliyotulia, chembe huzaliwa juu kabisa, pale ambapo maji yanageuka mvuke, nayo huelea kwa kushikiliwa na utando wa uso wa maji ingawa ni nzito kuliko maji yenyewe. Hukua kwenye kingo zake zinazogusa uso wa maji. Ikiongezeka uzito huzama kidogo, ukingo mpya hujengeka juu ya ule wa zamani na kwa nje yake, huzama tena, hujengeka tena, hata ikawa piramidi iliyopinduliwa yenye shimo la ngazi katikati. Kila ngazi uliyoiona ni hatua moja ya kuzama. Zipo pia chembe zinazobonyea bila kuelea: maji yakiwa makali mno na ukuaji ukiwa wa haraka, kona na kingo zilizochomoza hupata chakula kwanza, na katikati ya uso hubaki na njaa. Lakini zitazame tena kwa lenzi: kila ngazi imekutana na mwenzake kwa nyuzi 90.

Kabla hujaandika kwamba vile vigae vyote ni chumvi, vijaribu. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali katika kila kilo, yakipungua hadi kama sehemu ya tano ya ujazo wake huanza kutoa jasi, na chumvi yenyewe hutoka yakifikia kama sehemu ya kumi. Kwa hiyo jasi na chumvi huweza kukutana katika gunia moja. Tia kigae kimoja katika glasi ya maji safi ukoroge. Chumvi itapotea mbele ya macho yako, ilhali jasi itabaki. Tena jasi hukwaruzika kwa ukucha. Jasi ni ya mfumo wa monokliniki, na ikiwa umeichanganya na chumvi hakuna jedwali litakalokuokoa.

Sasa, kama urefu wa pande hauaminiki, tushike nini? Pembe. Mwaka 1669, kule Firenze, Nicolaus Steno aliandika kwamba fuwele za kwatzi zinaweza kuwa nene au nyembamba, nyuso zake zikawa kubwa au ndogo, lakini pembe kati ya nyuso zinazolingana hazibadiliki. Mwaka 1783 Jean-Baptiste Romé de l'Isle alilithibitisha hilo kwa madini mengi, akitumia chombo cha kupimia pembe. Hata leo, ukipewa kwatzi iliyokua vibaya, upande mmoja mpana kama mlango na wa pili mwembamba kama ufito, pembe kati ya nyuso mbili za ubavuni zinazofuatana itakuwa nyuzi 120. Mwanajiolojia hujizoeza kuusahau ukubwa wa uso na kuuona mwelekeo wake.

Kutokana na hapo tunaweza kulisoma upya lile jedwali la mifumo saba. Mfumo huainishwa kwa ulinganifu, na usawa wa a, b na c ni matokeo ya ulinganifu huo. Chukua mchemraba wowote. Ushike kona moja kwa kidole gumba, na kona iliyo mbali nayo kabisa, inayoikabili kwa kupita katikati ya mchemraba, kwa kidole cha shahada. Uzungushe theluthi ya duara. Hauna tofauti na ulivyokuwa. Zungusha theluthi nyingine, hali ni ile ile. Huo ni mhimili wa mara tatu, na kwa kuwa mchemraba una kona nane, mihimili ya aina hiyo ni minne. Fuwele yenye mihimili minne ya mara tatu ni ya mfumo wa kubiki, hata kama haina mhimili wa mara nne. Pairaiti, madini ya chuma na salfa, ni ushahidi wa hilo. Mara nyingi huja kama mchemraba, lakini nyuso zake zina mistari myembamba inayokwenda upande mmoja katika uso huu na upande mwingine katika uso wa jirani. Ukiuzungusha robo duara mistari haikubaliani, ukiuzungusha theluthi kwa kona inakubaliana. Wengi hudhani kubiki maana yake ni mhimili wa mara nne, wakati mhimili mmoja wa mara nne ni alama ya tetragonali.

Mifumo mingine nitaipitia haraka, kwa kuwa ukishaijua hii unaweza kuitazama mwenyewe. Heksagonali ina mhimili mmoja wa mara sita, na trigonali mmoja wa mara tatu. Othorombiki ina mihimili mitatu ya mara mbili iliyosimamiana wima, au mabapa ya kioo mahali pake, yaani mabapa yanayoigawa fuwele katika nusu mbili zinazofanana kama mtu na taswira yake kiooni. Monokliniki ina mhimili mmoja tu wa mara mbili au bapa moja la kioo, au vyote viwili. Trikliniki haina mhimili wala kioo. Na pale jedwali linapoandika kwamba a si sawa na b, lisome hivi: hakuna kinachoilazimisha a kuwa sawa na b. Zikitokea kukaribiana kwa bahati, mfumo haubadiliki.

Swali lako la kalisaiti linanipendeza kwa namna ya pekee, kwa sababu inasimuliwa kwamba padri René-Just Haüy wa Ufaransa, katika karne ya 18, aliangusha kalisaiti ikavunjika, akashangaa kama ulivyoshangaa wewe. Uso wa fuwele na bapa la mpasuko ni vitu viwili tofauti. Uso huonyesha fuwele ilivyokua, na hubadilika kwa joto, kasi na yaliyomo katika maji. Kalisaiti ina maumbo mengi sana, na lile jino lako ni mojawapo. Mpasuko huonyesha mahali ambapo vifungo kati ya atomu ni dhaifu zaidi, na hilo halitegemei maji ya aina gani yaliilea. Ndiyo maana kalisaiti ya umbo lolote hupasuka katika vipande vile vile vya mshazari. Haüy aliivunja moja baada ya nyingine akakuta hivyo, naye akafikiri kwamba fuwele imejengwa kwa vijitofali vidogo vyenye umbo la mpasuko. Kwa kalisaiti dhana ile ilimfikisha mbali, lakini kwa madini mengine haitoshi: floraiti, ambayo hapa Kenya ilichimbwa Bonde la Kerio, hukua mara nyingi kama mchemraba lakini ukiipasua hutoa maumbo ya nyuso nane, na nyuso nane peke yake haziwezi kujaza nafasi bila mianya.

Utakapopima kipande hicho cha kalisaiti, jihadhari na kosa ambalo nimelisahihisha mwaka hadi mwaka. Pembe kati ya nyuso mbili zinazokutana kwenye ukingo ni nyuzi 105 kwa upande mmoja na 75 kwa mwingine. Pembe ya uso mmoja uliolala mbele yako kama karatasi, pale kingo mbili zinapokutana, ni nyuzi 102 na 78. Mwanafunzi huilaza kalisaiti juu ya kipimapembe, akasoma 102, akadhani amekosea au mwalimu amekosea. Amepima kitu kingine tu. Ili upate 105, kunja ukanda wa kadi ngumu, ukalishe ukingoni huku kila mkono wa ukanda umelala sawasawa juu ya uso mmoja na umesimama wima kwa ukingo, halafu uuhamishe ukanda kwenye kipimapembe.

Na kwa kuwa uko Malindi, usiishie kwenye chumvi. Tumbawe lililo hai hujenga mifupa yake kwa aragonaiti, madini yenye kemia ile ile ya kalisaiti, yaani kalisiamu kabonati. Lakini aragonaiti ni othorombiki na kalisaiti ni trigonali. Msongamano wa ya kwanza ni gramu 2.93 kwa sentimita moja ya ujazo, na wa ya pili 2.71. Katika mawe ya kale ya matumbawe, kama yale yaliyojengea miji yetu ya pwani, sehemu kubwa ya aragonaiti hugeuka kalisaiti kadiri maji ya mvua yanavyopita ndani yake kwa maelfu ya miaka. Asidi haitakusaidia kuyatenganisha, kwani yote mawili hutoa mapovu. Ni mpangilio wa atomu peke yake unaoyatofautisha, na hiyo ndiyo sababu mtu wa mawe analazimika kulijua somo hili. Ukitaka kielelezo, okota kipande kilichotupwa ufukweni, usivunje tumbawe lililo hai.

Sasa namba za Miller, ambazo William Hallowes Miller wa Cambridge alizieneza mwaka 1839. Kaa kwenye kona ya chumba chako. Mistari mitatu inakutana hapo: miwili ya sakafu na kuta, na mmoja unaopanda juu. Chukua ubao uusimamishe wima ukiikata kona hiyo, uguse mstari wa kwanza kwenye hatua 1 na wa pili kwenye hatua 2. Mstari unaopanda hautaugusa kamwe, kwa kuwa unakwenda sambamba nao, kwa hiyo hapo tunasema umekata mbali isiyo na mwisho. Tunayo 1, 2 na isiyo na mwisho, na mambo yasiyo na mwisho hayafai kuandikwa katika hesabu za kila siku. Pindua: 1, nusu, sifuri. Zidisha kwa mbili uondoe sehemu, utapata (2 1 0), inayosomwa mbili, moja, sifuri. Sasa usukume ubao mbali zaidi na kona bila kuugeuza, hadi uguse hatua 2 na hatua 4. Pindua: nusu, robo, sifuri. Zidisha kwa nne, nawe umerudi kwenye (2 1 0). Ubao umesogea lakini jina lake halikubadilika, kwa sababu jina hilo limechukua mwelekeo na kuuacha umbali. Uso mkubwa, uso mdogo, chembe nene, chembe bapa, zote huandikwa namba zile zile. Na ukiitazama pairaiti utakutana na uso huu huu wa (2 1 0), kwenye umbo lake la nyuso kumi na mbili.

Kuhusu namna ya kujifunza, nitakueleza ninavyoona. Kukariri kuna nafasi yake: majina saba ya mifumo lazima uyajue, na mtihani hautakungoja. Lakini latisi 14, yaani namna za kupanga nukta zinazojirudia, alizozihesabu Auguste Bravais katikati ya karne ya 19, na makundi 32 ya ulinganifu, usiyaguse kwa kukariri hata kidogo, kwa maana yatakutoka kama lilivyokutoka jedwali. Programu za kompyuta zinazozungusha fuwele ni nzuri kwa kurudia, ila kwa anayeanza ninazipa nafasi ya pili, kwa sababu kidole hakishiki kona. Nunua mche wa sabuni ya kufulia na uchonge mchemraba. Kata kona zote nane kidogo kidogo kwa kiasi kile kile. Pembetatu nane zitatokea, zitapanuka hadi zigusane, na wakati huo utahesabu nyuso 14. Endelea kukata hadi nyuso za mchemraba zipotee, utabaki na umbo la nyuso nane. Katika kila hatua tafuta ile mihimili minne ya mara tatu, utaikuta. Kisha chonga mchemraba wa pili, kona moja uikate sana na nyingine kidogo. Umbo litaharibika machoni, lakini pembe kati ya uso wa mchemraba na uso wa kona itabaki nyuzi 125 na kidogo, mradi kisu chako hakikupinda. Fanya hivyo jioni mbili au tatu kabla ya kurudi kwenye daftari.

Kuna jambo moja ambalo barua haiwezi kukufundisha, nalo ni mchoro wa stereografia, ule wa kuhamishia nyuso za fuwele kwenye duara. Usiuhangaikie peke yako. Chuo kikifunguliwa mwombe mhadhiri au msaidizi wa maabara akae nawe saa moja mkiwa na modeli ya mbao mkononi, uweke nukta yeye akikutazama, akusahihishe palepale. Ikiwa baada ya wiki kadhaa za kushika modeli bado huwezi kuukuta mhimili, au ukigundua mistari inachezacheza na macho yanauma, kapimwe macho, kisha urudi kwa mhadhiri. Wapo wanafunzi wazuri waliohitaji miwani tu. Kubadilisha kozi usikufikirie kwa sababu ya somo hili.

Pia mwombe akuwekee kigae chako cha Gongoni kwenye hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishanishwa. Chumvi, iwe mchemraba au bapa, huupitisha mwanga sawa kwa pande zote, kwa hivyo itabaki nyeusi hata ukizungusha meza duara zima. Jasi itang'aa na kuzimika mara nne kila duara. Kwa safari ya kwenda chuoni usizifunge chembe kwenye karatasi, kwa sababu unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75 chumvi huanza kuyeyuka kwa maji ya hewani, na pwani yetu hiyo ni hali ya kawaida; kingo zitakuwa duara kabla hujafika. Zitie katika kichupa kikavu chenye kifuniko cha kukaza, pamoja na punje chache za mchele uliokaangwa na kupoa, na kila sura uipe kichupa chake.